Usimwite waridi: namna ya kumtungia umpendaye shairi

Mara ya kwanza kulipwa kwa shairi nililipwa sato wawili, na kwa haki sikustahili hata kichwa cha mmoja. Fundi cherehani wa Kirumba alitaka kumsomea mkewe siku walipotimiza miaka kumi ya ndoa. Nikamwandikia beti sita zilizofurika: waridi, malaika, asali, nyota ya alfajiri, shingo ya twiga. Mizani ilitimia, vina havikuteguka hata kimoja. Jamaa akasoma, kinamama wakapiga vigelegele, mimi nikaondoka na samaki wangu kifua mbele. Usiku, wageni walipokwisha kutawanyika, mkewe akamuuliza bila hasira yoyote: "Sasa huyo mwanamke uliyemsoma leo ni nani?"

Yule fundi alinisimulia mwenyewe, anacheka. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo nimewaandikia watu wengi hapa Mwanza, wengine wa sendofu, wengine wa harusi, wengine wa kuombana msamaha, na kila anayekuja namkalisha chini kwanza. Ninachokieleza hapa ndicho ninachowafanyisha wao. Mfano nitakaoufuata mwanzo hadi mwisho ni wa mvuvi mmoja wa dagaa kutoka Igombe, aliyekuja mwaka jana na daftari la shule la mtoto wake, kurasa mbili zimejaa "nakupenda".

Hatua ya 1: Jua nani atasikia

Hili ni fupi. Shairi la kusomwa na masikio mawili tu na shairi la kusomwa ukumbini mbele ya wakwe ni vitu viwili tofauti, hata kama mpendwa ni yuleyule. Ukumbini utaficha mengi. Mambo ya mwili utayapitisha kwa tasfida, yaani maneno ya staha, au utayaacha kabisa, maana baba mkwe amekaa meza ya mbele na soda yake. Beti zisizidi tano. Zaidi ya hapo MC ataanza kuangalia saa.

Na kama unayemwandikia ameshakukataa, weka kalamu chini. Shairi si kifaa cha kumchosha mtu mpaka akubali.

Mvuvi wangu alitaka la masikio mawili. Alikuwa anakwenda kambini kisiwani, akasema atamrekodia mkewe kwa simu na kumtumia sauti.

Hatua ya 2: Kusanya kabla ya kutunga

Usianze na maneno. Anza na mambo. Chukua karatasi uandike vitu kumi ambavyo umemwona akivifanya, si vitu unavyovihisi wewe. "Ana roho nzuri" si kitu ulichokiona. Ni hukumu uliyoitoa baada ya kuona. Uliona nini mpaka ukahukumu hivyo? Hicho ndicho kiandikwe.

Hapa wanaume hukwama vibaya. Nimeshuhudia mtu aliyeoa miaka kumi na mitano akikuna kichwa nusu saa nzima, asijue mkewe huanza kazi gani akiamka. Huwa nawarudisha nyumbani. Nenda ukakae siku mbili, tazama mikono yake, kisha urudi.

Yule wa Igombe hakuhitaji kurudishwa. Mwanzoni aliona aibu, kisha yakaanza kutoka yenyewe.

"Mwalimu, yeye anaanika dagaa pale mwaloni. Basi kuna kitu chake kimoja sijakiona kwa mtu mwingine. Jua linawaka, wenzake wamekaa wanapiga soga, yeye anainuka anaanza kuanua. Wanamcheka. Baada ya muda mvua hiyo! Wa kwake wamo ndani, wa wenzake wameloa."

"Anajuaje?"

"Sijui. Anaangalia ziwa tu."

Nikamwambia aendelee. Akasema mkewe hukaa ufukweni usiku, akitazama taa za wavuvi zilivyotapakaa majini, na hudai anaijua taa ya mumewe katikati ya taa zote zile. Akasema Jumapili kanisani huficha mikono ndani ya kitenge kwa sababu harufu ya dagaa haitoki hata kwa limau. Akasema alfajiri mitumbwi inaporudi humkuta mkewe amesimama na chupa ya chai.

Hili la chai nikalikata. Niliona la kawaida mno, kila mke wa mvuvi hufanya hivyo. Nitalirudia.

Hatua ya 3: Ipime picha kabla ya kuitumia

Lugha ya mapenzi karibu yote ni ya kufananisha. Ukisema "kama", "mithili ya" au "ja", hiyo ni tashibihi. Ukiondoa "kama" ukasema moja kwa moja kwamba yeye ndiye hicho kitu, hiyo ni sitiari. Haya yamo katika kila kitabu cha shule. Ambacho vitabu huwa havikazii ni kwamba kitu unachomfananisha nacho huja na maisha yake yote. Hukiiti kije nusu.

Kijana mmoja aliniletea mstari aliojivunia sana: "nimekuganda kama gugumaji." Nikamuuliza kama anakumbuka gugumaji lilivyotufanyia. Mmea ule ulipoenea Ziwa Viktoria, mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990, uliziba mialo, mitumbwi ikakosa njia, samaki wakakosa hewa, na serikali za nchi tatu zikahangaika kuung'oa na kuutafutia wadudu wa kuula. Ndivyo unavyotaka kumpenda mtoto wa watu?

Mwingine alijiita "sangara wa penzi lako". Sangara ni mkubwa, ni mzito, bei yake nzuri, nakubali. Lakini sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950, akaongezeka, akawala furu, samaki wadogo wenyeji wa hapa, mpaka aina zao nyingi sana zikatoweka. Msichana wa Mwanza aliyesoma baiolojia atakuuliza: na mimi ndiye furu?

Walakini kuna aliyenishinda. Alimwita mchumba wake "bondo langu". Nilicheka mpaka nikakohoa, kisha nikanyamaza. Bondo la sangara ni kile kifuko cha hewa kilicho tumboni. Zamani watu walikuwa hawakijali, leo kilo yake ni ghali kuliko kilo ya nyama ya samaki mwenyewe mara nyingi, na wanunuzi hukifuata kutoka ng'ambo. Kitu cha thamani kilichofichika ndani, ambacho asiyejua angekitupa. Mchumba mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mabondo. Pale pale nikamwambia asibadilishe neno hata moja. Ukimwambia hivyohivyo mwalimu wa chekechea wa Dodoma, utapigwa kibao.

Picha nyingine huzeeka. Miaka mingi wapenzi wa pande hizi walisubiriana "kama gari kwenye foleni ya pantoni Kigongo", na kila msikilizaji alipumua kwa uchungu kwa sababu foleni ile aliijua kwa makalio yake. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita 3 za lami juu ya maji, unavuka kwa dakika chache. Kijana anayeanza kupenda sasa hiyo foleni ataisimuliwa. Ukitaka kivuko, Kamanga kipo bado, na kinasubirisha vizuri tu.

Jiwe la Bismarck je? Naulizwa sana. Jiwe lile limekaa juu ya mengine majini, halianguki, na kwa hiyo kila kadi ya harusi ya mjini kwetu inataka penzi lisimame kama jiwe hilo. Kwanza limechoka. Pili, lina jina la chansela wa Ujerumani, sasa sijui kwa nini aalikwe chumbani kwenu. Ila kama mlikutana hapo, mkikwepa jua mnasubiri chombo, basi si picha tena, ni kumbukumbu yenu. Litumie.

Turudi kwa mvuvi. Katika daftari lake alikuwa ameandika: "uso wako ni mwezi." Tangu zamani washairi wa Kiswahili husifu uso kwa mwezi, hasa ule wa siku ya kumi na nne uliotimia, na sina ugomvi nao. Lakini nikamuuliza: "Mbalamwezi ikitoka, wewe unafanya nini?"

"Tunakaa tu. Dagaa hawaji."

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi gizani. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na za sola, lakini kanuni ni ileile: taa inaelea juu ya maji meusi, dagaa wanaifuata, wavu unawakusanya. Mwezi ukijaa, ziwa zima linang'aa na taa haina tena la kuwaambia dagaa. Mvuvi hutundika nyavu, huziba matobo, huenda nyumbani. Kwa hiyo kwa mtu huyu mwezi si uzuri. Mwezi ni siku zisizo na fedha.

"Ukikaa tu, unakaa wapi?" nikamuuliza.

Akaanza kutabasamu kabla hajajibu. "Kwake."

Basi tukawa tumeupata mwezi wetu, wala si ule wa kwenye kadi. Kama kuna hatua moja katika mwongozo huu ambayo nisingependa uiruke, ni hii. Ichukue picha inayosifiwa na watu wote, uulize katika maisha yenu wawili inafanya kazi gani hasa. Mara nyingi jibu huwa kinyume cha ulichoandika, na hicho kinyume ndicho shairi.

Hatua ya 4: Tunga kibwagizo kwanza

Watu huanza ubeti wa kwanza mstari wa kwanza, wakifika mwisho wamechoka, kibwagizo kinakuwa "nakupenda wangu mpenzi" kwa kuwa ndicho kilichobaki. Geuza. Kibwagizo ni mshororo unaorudi kila mwisho wa ubeti, ndio atakaoukariri, ndio utakaobaki kichwani mwake akiosha vyombo. Kipe jambo lenye nguvu kuliko yote kwenye orodha yako ya vitu kumi.

Kwetu hapakuwa na ubishi. Ilikuwa mvua. Tulihangaika nayo jioni nzima, tukapata:

Unayeijua mvua, wingu lingali safari.

Hakuna "nzuri" humo, hakuna "penzi", hakuna "moyo". Na bado ukiusikia unajua anayesema amemtazama huyu mtu kwa miaka.

Hatua ya 5: Hesabu mizani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokata tamaa, na si pagumu hivyo.

Shairi la kawaida la tarbia lina mishororo minne kwa kila ubeti. Kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, zimegawanywa vipande viwili vya 8 na 8 kwa mkato katikati. Kipande cha kwanza huitwa ukwapi, cha pili utao. Gonga meza kwa kidole kila silabi:

U-na-ye-i-ju-a-mvu-a, nane. Wi-ngu-li-nga-li-sa-fa-ri, nane.

Irabu ndiyo inayobeba silabi, kwa hiyo kwa kawaida hesabu irabu tu. "Dagaa" ni tatu: da-ga-a. "Mwanza" ni mbili. "Ng'ombe" mbili. Mtego uko kwenye m na n zinazosimama peke yake. "Mtu" ni m-tu, mbili. "Nchi" ni n-chi, mbili. "Mbwa" m-bwa, mbili. "Mchangani" ni nne. Sasa sikiliza hili: "mvua" inayonyesha ni mbili, mvu-a, lakini "mvuvi" ni tatu, m-vu-vi. M ya mvuvi ni kiambishi cha mtu, hutamkwa peke yake. Ile ya mvua imeshikana na v. Ukitilia shaka, tamka neno polepole kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya maji. Sikio lako linajua kuliko sheria.

Mstari ukizidi, usianze kuogopa. Kata. Mvuvi alileta "mikono yako iko mchangani", mizani 11. "Yako" haina kazi, shairi zima anaambiwa yeye, ikatoka. "Iko" tukaikata ikabaki "i" ya kale. Mikono i mchangani: nane kamili, na imependeza zaidi. Kufupisha neno kwa ajili ya mizani kunaitwa inkisari, na washairi wana ruhusa hiyo tangu enzi.

Ukipungua, refusha. "Wala hufanyi swali" ni saba. Neno la zamani "suali" lina silabi tatu badala ya mbili: wala hufanyi suali, nane. Hiyo ni mazida. Ruhusa hizi zote ni kama chumvi. Shairi ambalo kila neno limekatwa mkia au kuongezwa kichwa linasomeka kama simu yenye mtandao mbovu.

Kama mizani 16 zinakutoa jasho, anza na utenzi: mishororo minne, mizani 8 kila mmoja, mitatu ya kwanza inafanana vina. Huo ndio mzuri kwa kumsifu mzazi au mlezi, kwa sababu unatembea haraka na unaweza kusimulia. Dada mmoja wa Magu alitunga hivi kwa bibi yake aliyemlea kwenye mashamba ya pamba:

Jembe ulinishikia,
pamba ukanivunia,
ada ukanilipia,
ndipo nikaenda soma.

Hatua ya 6: Vina

Vina ni silabi za mwisho zinazofanana: vya kati mwishoni mwa ukwapi, vya mwisho mwishoni mwa utao. Kiswahili kinakupa vina bure, na hiyo ndiyo hatari yake. Kila kitenzi cha kutendea kinaishia -ia au -ea, kila mahali panaishia -ni. Mtu anaweza kujaza kurasa kumi bila kufikiri. Nafsini, moyoni, rohoni, akilini, maishani. Umesikia? Vina vitano, na hujasema kitu.

Utaniambia yule dada wa Magu amefanya hivyohivyo. Ndiyo, ila mtazame vizuri: nishikia, nivunia, nilipia. Kauli ya kutendea ni kufanya kitu kwa ajili ya mwingine, na hiyo ndiyo habari nzima ya bibi yake. Kina chenyewe kinasifu. Akifika mstari wa nne ndipo yeye mjukuu anatenda la kwake, na kina kinabadilika. Sidhani kama alipanga, lakini mimi nilimwambia kwamba alipanga.

Njia ninayoitumia: andika mstari wako bora kwanza, tazama umeishia silabi gani, kisha tafuta maneno mengine kumi yanayoishia hivyo, yawe ya namna mbalimbali, jina, kitenzi, kivumishi. Kama hupati hata manne yenye maana, geuza mpangilio wa mstari ili uishie neno lingine. Usiiburute maana kwenda kwenye kina. Mstari uliowekwa kwa ajili ya kina tu msikilizaji huutambua upesi, kama mgeni aliyekuja harusini kula.

Hatua ya 7: Chagua majina ya kumwita

Urithi wa mashairi ya pwani umetuachia hazina: muhibu, mahabuba, laazizi, nyonda, nuru ya macho. Zamani mapenzi hayakukaa moyoni peke yake. Yalikaa mtimani na kwenye ini, na mpendwa akaitwa "nyonda mkalia ini". Maneno haya ni matamu, na ndiyo maana moja latosha. Ukimwita mwanamke wa Igombe kwa yote matano katika beti tatu atadhani unamsomea barua ya mtu wa Lamu.

Jina analoitwa nyumbani lina nguvu yake. Kama humwita "mama fulani" kwa jina la mtoto wenu wa kwanza, liingize mara moja penye uzito. Na kama ninyi ni watu wa Usukuma, "wabeja" moja iliyowekwa mahali pake, kumshukuru, itafanya kazi kuliko ubeti mzima wa Kiarabu cha kuazima.

Hatua ya 8: Chuku na kiasi

Kutia chumvi kunaruhusiwa; shairi la mapenzi lisilo na chuku hata kidogo linafanana na risiti. Ila chuku ina uwanja wake. Ukienda Bujora, pale Kisesa, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni, utaona ngoma za Wasukuma zikishindana, Bagika upande huu na Bagalu upande huu, kila kundi likivuta watazamaji kwa nyimbo, vituko na wanyama, na watu wenyewe huamua kwa miguu yao: wanakosogea ndiko kwenye ushindi. Hapo jisifu mpaka mbingu zitikisike, ndio mchezo. Chumbani hakuna umati wa kuvutwa. Yupo mtu mmoja anayejua kila ukweli kuhusu wewe, pamoja na deni la duka. Ukimwambia utalikausha ziwa kwa ajili yake, atakukumbusha bomba la uani linalovuja.

Kanuni yangu: chuku moja kwa shairi, nayo iegemee kitu cha kweli. Kujua mvua kabla ya wingu ni chuku, lakini dagaa wakavu ndani ya nyumba ni ushahidi.

Hatua ya 9: Ghani, usisome

Liseme kwa sauti mara nyingi kabla ya siku yenyewe. Penye mkato pumua kidogo, mwisho wa mshororo pumua zaidi, kibwagizo kishushe polepole. Ulimi ukijikwaa mahali palepale mara tatu, kosa si la ulimi, rekebisha mstari. Ukumbini shika maikrofoni mbali kidogo na mdomo, na usisome ukiwa umeinamia simu.

Hili ndilo alilorekodi yule mvuvi. Hizo "waijuwa" na "kuisumbuwa" zimeongezwa w ili zilingane na "ziwa", mizani haikuguswa.

Taa zetu ziko mbali, zimetapakaa ziwa,
wala hufanyi suali, yangu ipi waijuwa,
hata upepo mkali, ukija kuisumbuwa,
unayeijua mvua, wingu lingali safari.

Mikono i mchangani, dagaa wageuzika,
Jumapili kanisani, kitengeni waiweka,
itoe iwe juani, watu waone baraka,
unayeijua mvua, wingu lingali safari.

Watu wausifu mwezi, kwa weupe na duara,
kwetu hutufunga kazi, tukakosa na ujira,
naupenda, laazizi, hunileta kwako bara,
unayeijua mvua, wingu lingali safari.

Mshororo wa tatu wa ubeti wa pili ni wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika kitu kuhusu dhahabu. Akasema, "Hapana mwalimu, aitoe tu juani, kama anavyowatoa dagaa." Nikafuta dhahabu yangu kimyakimya.

Alirekodi akiwa kambini, upepo unasikika nyuma na mtu anacheka kwa mbali. Siku mbili hakupata jibu kwa sababu ya mtandao. Siku ya tatu akanipigia.

"Shikamoo mwalimu. Amejibu."

"Marahaba. Kasemaje?"

"Kasema amesikiliza mara nne. Halafu anauliza, mbona chai hamkuiweka?"

Kumbe ile chupa haikuwa ya kawaida. Kabla ya kuoana, alfajiri moja ya baridi, ndiyo ilikuwa maneno ya kwanza ya huyo mwanamke kwake: alimmiminia kikombe bila kusema kitu. Mvuvi alikuwa ameniambia kuhusu chupa, hakuniambia kuhusu kikombe hicho, kwa sababu nilimkata kabla hajafika.

Sasa ubeti wa nne unatungwa. Nimemwachia autunge mwenyewe; nimempa tu vina vya kuanzia, chai, uhai, sifai, hukatai, na nimemwambia asinionyeshe mpaka mwezi ujao utakapojaa na yeye awe bara.